Huduma ya kuandaa shule kwa dharura za kitabibu michezoni: ipi thamani yake na wapi inapwaya

Huduma ninayoipitia hapa ni ile ambayo shule huinunua ili iwe tayari pale mchezaji anapoanguka, anapoumia vibaya au anapozidiwa ghafla akiwa uwanjani. Muundo wake haubadiliki sana kutoka kwa mtoa huduma mmoja hadi mwingine: wakufunzi wenye taaluma ya tiba ya dharura hufika shuleni, hukagua viwanja, hufundisha walimu na wanafunzi wachache waliochaguliwa, huandika mpango wa dharura, huacha mkoba wa vifaa pamoja na mashine ya kushtua moyo, kisha huahidi kurudi kwa ukaguzi. Waliotuhudumia sitawataja kwa jina, kwa kuwa kasoro nilizoziona hazitokani na uzembe wao binafsi bali na namna huduma hii inavyouzwa, na msomaji anayefikiria kuinunua atakutana nazo popote. Ninaandika kama msimamizi wa michezo ambaye ndiye alitakiwa kuishi na mpango huo baada ya wakufunzi kuondoka.

Ukaguzi wa viwanja ndio uliokuwa sehemu bora kuliko zote, ingawa katika tangazo lao haukupewa hata aya nzima. Mkufunzi mkuu hakuanza na vitabu wala picha za ukutani. Alitembea nasi kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, na katika kila kimoja alisimama katikati na kuuliza maswali yaleyale. Mtoto akianguka hapa sasa hivi, gari la wagonjwa litaingilia lango gani? Ufunguo wa lango hilo anao nani siku ambayo si ya masomo? Simu inashika mtandao hapa, au ni lazima mtu akimbilie kilimani? Anayepiga simu atamweleza vipi dereva ambaye hajawahi kufika, maana jina la shule pekee halimwambii kama aende kwenye bwawa la kuogelea au kwenye kiwanja cha nyuma? Walimu wenye miaka mingi shuleni walijikuta wakipingana kuhusu majibu, na mpingano huo ulitufundisha kuliko mada yoyote iliyofuata.

Kisha akapima muda kwa saa. Alimtaka mwalimu mmoja akimbie kutoka kila kiwanja hadi mahali ilipokusudiwa kuwekwa mashine ya kushtua moyo, aichukue na kurudi nayo. Kigezo alichokitumia ndicho kinachotambulika katika tiba ya michezo, kwamba mshtuko wa kwanza wa umeme utolewe ndani ya dakika 3 tangu mtu aanguke. Uongozi ulikuwa umependekeza mashine ikae ofisini, mahali salama, nyuma ya mlango unaofungwa jioni. Saa ilionyesha kwamba kutoka kiwanja cha mbali hilo haliwezekani hata mlango ukiwa wazi, na mechi nyingi huchezwa wakati mlango umefungwa. Mashine ikahamishiwa kwenye kabati lisilofungwa kwa ufunguo, karibu na viwanja, na wakati wa mechi za kiwanja cha mbali hubebwa na kuwekwa pembeni mwa mstari. Uamuzi huo mmoja ulistahili sehemu kubwa ya malipo yote.

Mafunzo kuhusu moyo yalichukua muda mrefu kuliko mada nyingine yoyote, na ilikuwa sawa. Kusimama ghafla kwa moyo ndiko kunakoongoza miongoni mwa vifo vya kitabibu vya wanamichezo vijana wakiwa mchezoni. Chanzo kinaweza kuwa unene usio wa kawaida wa msuli wa moyo, mishipa ya moyo iliyoota mahali pasipo pake, hitilafu katika mfumo wa umeme wa moyo, au hata mpira unaopiga kifua katika sehemu ndogo mno ya pigo la moyo na kuuvuruga mwendo wake, ijapokuwa moyo wenyewe ni mzima kabisa. Wengi wa waathirika hawakuwahi kuonyesha dalili. Kwa kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na bila mshtuko, uwezekano wa kunusurika hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10, kwa hiyo shule inayosubiri gari la wagonjwa bila kufanya lolote huwa imekwisha kuamua matokeo.

Wakufunzi walitumia mifano miwili inayojulikana na wapenzi wa kandanda. Wa kwanza ni Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyeanguka na kufariki katika mechi dhidi ya Kolombia mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003. Wa pili ni Christian Eriksen wa Denmark, aliyeanguka mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akakandamizwa kifua na kushtuliwa moyo palepale uwanjani, na baadaye akarudi kucheza. Mifano hiyo inavuta usikivu, lakini nina shaka na matumizi yake. Uwanja wa mashindano ya kimataifa una madaktari waliokaa hatua chache kutoka mstarini, ilhali mechi ya shule mara nyingi ina mwalimu mmoja mwenye filimbi shingoni na watoto wa akiba wanaochezea chupa za maji. Ushahidi uliogusa hali yetu ulitajwa kwa sentensi moja tu, nao ni utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu shule za sekondari 1,710 zilizokuwa na mashine za kushtua moyo: kati ya watu 36 waliosimama moyo katika shule hizo, wakiwamo wanafunzi wanamichezo na watu wazima, 23 walinusurika na kutoka hospitalini, sawa na asilimia 64. Hao hawakuokolewa na madaktari waliosubiri pembeni. Waliokolewa na watu wa shuleni waliojua mashine iko wapi. Ningekuwa mimi mkufunzi, ningeanza na takwimu hiyo na kuwaacha wachezaji mashuhuri kwa ajili ya mapumziko ya chai.

Walichokifundisha kwa ustadi mkubwa ni utambuzi. Mchezaji anayeanguka bila kuguswa na mtu na haitiki anapoitwa, achukuliwe kuwa moyo wake umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Anaweza kutikisika kwa sekunde kadhaa kama mwenye kifafa, na anaweza kuvuta pumzi nzito za kukoroma, moja moja, ambazo mtu asiyefundishwa huzihesabu kuwa upumuaji. Walituonyesha video za matukio kama hayo na kutusimamisha kila mara kuuliza: anapumua au hapumui? Walimu kadhaa walikosea mwanzoni, na hapo ndipo ilipoonekana kwa nini watu wazima wenye akili timamu huweza kumzunguka mtoto kwa dakika nzima wakimpepea na kummwagia maji.

Baada ya utambuzi yalifuata mazoezi kwa sanamu: kukandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha takriban sentimita 5, na kukiacha kifua kiinuke kikamilifu kabla ya kukandamiza tena, pumzi 2 kwa kila mikandamizo 30 kwa aliyefunzwa kupuliza, na mikandamizo mfululizo kwa asiyeweza. Mashine yenyewe huzungumza na kuelekeza hatua, na haitoi mshtuko isipokuwa imeona mwendo wa moyo unaohitaji mshtuko, jambo lililowaondolea woga wale waliodhani wanaweza kumuua mtu kwa kubonyeza kitufe. Kibandiko kimoja huwekwa chini ya mfupa wa bega la kulia kwa mbele, kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa, juu ya ngozi iliyofutwa jasho. Walisisitiza jambo ambalo wengine hulikwepa kwa haya, kwamba kifua cha msichana hufunuliwa vilevile kama cha mvulana, nguo ikatwe kwa mkasi bila kusita, na wanaosimama karibu wageuke na kuweka kizuizi cha stara. Nilithamini namna walivyolijadili hilo mbele ya walimu wa kiume na wa kike pamoja, kwa heshima na bila kuzungukazunguka.

Lalamiko langu katika sehemu hii ni kwamba mazoezi yote ya siku ya kwanza yalifanyika ndani ya ukumbi, juu ya sakafu safi, huku sanamu ikiwa imelazwa tayari na mashine ikiwa imewekwa kando yake. Dharura ya uwanjani haiji hivyo. Tulipoomba zoezi lifanyike nje, mechi ikiendelea, bila wachezaji kujulishwa ni dakika ipi, walikubali, lakini ilidhihirika kwamba halikuwa kwenye ratiba yao. Zoezi hilo la nje lilifichua mambo ambayo ukumbi usingeyafichua kamwe: watu wawili walipiga simu ya dharura wakati mmoja na hakuna aliyekwenda langoni, wachezaji wote walikusanyika na kuziba njia ya aliyebeba mashine, na aliyeikimbilia aliporudi hakupata nafasi ya kupiga magoti. Baada ya kurudia, majukumu yakagawanywa kwa kadi, na wanafunzi wakapewa kazi mbili wanazoziweza vizuri kuliko walimu, yaani kukimbilia mashine na kusimama langoni kulipokea gari.

Kuhusu joto, maudhui yalikuwa sahihi lakini vifaa vikayasaliti. Tulifundishwa kwamba mchezaji anayechanganyikiwa, anayeyumba au anayezimia katika mazoezi makali wakati wa joto huenda ana kiharusi cha joto, ambapo joto la ndani ya mwili hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na kwamba kutokwa na jasho hakuondoi uwezekano huo. Kanuni ni kupoza kwanza na kusafirisha baadaye: mwili uzamishwe katika maji baridi yenye barafu hadi mabegani, kichwa kikishikiliwa nje ya maji, na joto lishushwe ndani ya dakika 30, kwani viungo vya ndani huharibika kadiri joto linavyokaa juu. Anayekimbizwa hospitalini akiwa bado anaungua ndani huwa amepotezewa muda wa thamani. Baada ya somo hilo zuri, tulifungua mkoba na kukuta vifuko vichache vya kupoza vya kubinya, ambavyo havitoshi hata kwa paja moja, pamoja na kipimajoto cha paji la uso. Kipimo cha namna hiyo husoma ngozi, na ngozi iliyolowa jasho inaweza kuonyesha joto la kawaida huku ndani ya mwili hali ikiwa mbaya. Nilimuuliza mkufunzi kwa nini wanakiweka, naye akakiri kwamba shule nyingi hukitarajia. Beseni kubwa, vyombo vya kuhifadhia barafu na turubai imara, ambalo watu kadhaa wanaweza kulishika pembezoni na kumlaza mgonjwa katikati pamoja na maji ya barafu, tulijinunulia wenyewe.

Mada ya majeraha ya kichwa ilikuwa fupi na yenye kueleweka. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hutokea bila mtu kupoteza fahamu. Akishukiwa tu, mchezaji hutolewa na harudi uwanjani siku hiyo, hata akilia, hata kocha akilia. Walitugawia kadi ya utambuzi ya kimataifa, toleo la 6 la mwaka 2023, ambayo hupatikana bure na inafaa kubebwa na kila kocha. Kwa jeraha linaloshukiwa la shingo, mgonjwa hasogezwi isipokuwa mahali alipo pana hatari au hapumui, na kichwa chake hushikiliwa kama kilivyo hadi wataalamu wafike. Radi ilipewa dakika chache: ngurumo ikisikika mchezo unasimama, na hauanzi tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sikuona haja ya zaidi ya hapo.

Palipopwaya kwa kiwango kisichokubalika ni kwa watoto ambao ugonjwa wao unajulikana tangu mwanzo wa mwaka. Mwenye pumu anahitaji kipulizio chake uwanjani, pamoja na chombo cha kupitishia dawa. Mwenye mzio mkali anahitaji sindano ya adrenalini ya kuchomwa upande wa nje wa paja, alazwe na asisimamishwe, na pengine dozi ya pili baada ya dakika 5 kama hali haijatengemaa. Mwenye kisukari anahitaji sukari ya haraka pale sukari ya damu yake inaposhuka. Mwenye vinasaba vya selimundu anahitaji kocha anayejua kwamba kuishiwa nguvu katikati ya mbio za kurudiarudia kunaweza kuwa dharura na si uvivu. Haya yote wakufunzi waliyajua na kuyaeleza. Hata hivyo, mpango wao wa maandishi haukusema dawa hizo zinasafiri vipi. Ulisema tu kwamba zihifadhiwe katika chumba cha muuguzi wa shule, mahali ambapo hazimsaidii mtoto aliye ndani ya basi akielekea kwenye mashindano. Haukusema pia ni nani aonyeshwe taarifa za afya za wanafunzi na nani asionyeshwe, suala ambalo wazazi waliliuliza mara moja na kwa haki yao. Tuliandika utaratibu wetu: kocha wa timu hupewa orodha fupi ya yale tu anayopaswa kufanya kwa kila mchezaji, bila historia ya ugonjwa, na mkoba wa dawa hukabidhiwa kwa saini kabla ya safari.

Hapo ndipo ninapofika kwenye mpango wenyewe, ambao katika mkataba ndio ulioitwa zao kuu la huduma. Ulifika ukiwa mnene, umejalidiwa vizuri, wenye nembo ya shule kwenye jalada, na ulikuwa umenakiliwa kwa sehemu kubwa kutoka mahali pengine. Ulitaja afisa wa tiba ya michezo ambaye hatuna, ulimpa mkuu wa shule jukumu la kupiga simu ya dharura ilhali mkuu wa shule hayupo kwenye mazoezi ya jioni, na ulieleza kiwanja kikuu kana kwamba ndicho pekee. Matembezi yale ya ukaguzi niliyoyasifu hapo juu yalikuwa yameandikwa kwa makini kwenye daftari la mkufunzi, lakini aliyeandaa waraka huenda hakulisoma daftari hilo. Mechi za ugenini hazikutajwa popote, ingawa nusu ya michezo ya shule yoyote huchezwa kwa wenyeji wengine, ambako hujui lango liko wapi wala kama wana mashine.

Kwa haki yao, tulipolalamika waliuandika upya bila malipo ya ziada, na toleo la pili ni waraka wa aina nyingine kabisa. Kila kiwanja kina ukurasa mmoja, uliobandikwa hapohapo ndani ya kifuniko cha plastiki: maneno halisi ya kumsomea anayepokea simu ya dharura, pamoja na alama za njia, lango la gari la wagonjwa na mwenye ufunguo wa akiba, mahali pa mashine, hospitali ya karibu inayopokea wagonjwa wa dharura saa zote, na majukumu yaliyopewa nafasi badala ya majina, ili mwalimu akihama au akiugua kazi yake isibaki hewani. Kuna pia ukurasa wa safari, unaomtaka kocha mgeni akutane na mwenyeji na mwamuzi kwa dakika chache kabla ya mechi kuulizana nani atafanya nini. Makocha wa timu pinzani mwanzoni waliuona mkutano huo kuwa wa ajabu, na sasa wapo wanaotutangulia kuuomba.

Mkoba wa vifaa sina mengi ya kuusemea. Bandeji, glovu, mkasi wa kukatia nguo, kifunga damu cha kukaza mkono au mguu, na barakoa ya kupulizia pumzi vilikuwamo na vina ubora wa kuridhisha. Plasta zilikuwa nyingi kupita kiasi. Mashine ya kushtua moyo ni nyepesi, ina maelekezo ya sauti yanayosikika hata penye kelele, na ina kitufe cha kuigeuza itumike kwa mtoto mdogo, jambo la lazima kwa shule yenye madarasa ya chini. Mnunuzi ajue kwamba vibandiko na betri zina tarehe ya mwisho wa matumizi, na kwamba gharama ya kuvibadilisha haikuelezwa kwetu waziwazi wakati wa mauzo. Taa ndogo ya kijani huonyesha kuwa mashine iko tayari. Mwanafunzi mmoja wa kila timu amepewa kazi ya kuitazama kabla ya mazoezi na kutia saini, na mfumo huo wa saini ni bora kuliko ukumbusho wowote uliotumwa na kampuni.

Ufuatiliaji baada ya mauzo ulikuwa wa wastani. Ziara ya ukaguzi iliyoahidiwa ilifanyika, ikachelewa, na ikawa zaidi ya kuhesabu vifaa kuliko kupima watu. Hakuna aliyeuliza kama walimu wapya wamefunzwa wala kama zoezi limerudiwa tangu walipoondoka. Pia nilitarajia mwongozo wa nini kifanyike baada ya tukio: nani azungumze na familia, wanafunzi walioshuhudia wasaidiweje, taarifa iandikwe na nani. Sura hiyo ipo, lakini ni ya mistari michache na haijataja wanafunzi walioshiriki kumwokoa mwenzao, ambao ndio pengine watahitaji uangalizi kuliko wote.

Je, ningependekeza huduma hii? Ndiyo, kwa shule ambayo ina mtu wa ndani aliye tayari kuisimamia na kuibishia. Shule isiyo na mtu wa namna hiyo itabaki na jalada zuri kabatini na mashine ofisini. Anayejadiliana na mtoa huduma kabla ya kusaini adai mambo yafuatayo kwa maandishi: zoezi lisilotangazwa lifanyike kiwanjani na si ukumbini pekee, waraka wa kila kiwanja ukubaliwe na walimu wanaokitumia kabla malipo ya mwisho hayajatolewa, mechi za ugenini na dawa za wanafunzi ziwe na ukurasa wake, gharama za vibandiko na betri zijulikane kwa miaka yote ya matumizi, na vifaa vya kupozea mwili vitoshe mwili wote wa mtu mzima. Sisi tumeongeza mkataba kwa mwaka mwingine kwa sehemu ya mafunzo na mazoezi tu. Vifaa tutajinunulia, na kurasa za viwanja tunazirekebisha wenyewe kila lango au ufunguo unapobadilika.